Karatasi Nzuri Inamngoja Nani?

Leo nina swali ambalo huenda likaonekana la watoto, lakini limenikaa moyoni tangu sisi kina mama tulipoanza kukutana kutengeneza kadi kwa mikono. Mtu akiwa na kitu kizuri, akakiweka kingoje siku inayokistahili, je, huyo ni mwenye busara au ni mchoyo?

Sizungumzii pesa. Pesa zina mahubiri yake. Nazungumzia karatasi.

Mtembelee mama yeyote mwenye mkono wa kazi, umwombe akufungulie lile sanduku la bati ambalo mtoto wake alirudi nalo kutoka bweni. Utapata karatasi za manila za rangi zote, vipande vya kitenge alivyopewa na fundi wa nguo, lesi ya gauni la harusi ya mtu, vifungo, shanga, maganda makavu ya mgomba yaliyonyooshwa chini ya godoro, na bahasha zilizonunuliwa zikiwa bei ya chini. Chini kabisa kuna ile karatasi ya dhahabu. Ukiigusa tu, utasikia, "Hiyo wacha kwanza." Mwaka jana pia iliachwa kwanza.

Sasa, mhubiri mwenye haraka angesimama hapo na kukemea. Mimi sikemei. Wengi wetu tumelelewa na watu waliokunja karatasi ya zawadi ya Krismasi wakaiweka, wakaosha kopo la mafuta likawa la sukari, na wakawa na kabati la vikombe ambavyo hakuna mtoto aligusa. Vile vikombe havikuwa uchoyo. Vilikuwa vya wageni, na mgeni akija vilitoka, hata kama ni mgeni wa dakika kumi. Kuweka kitu kwa ajili ya mtu ni njia moja ya kumheshimu kabla hajafika. Na kwa mtu aliyewahi kukosa, sanduku lililojaa ni kama usingizi mzuri. Usimcheke.

Lakini soma Kutoka 16 polepole. Tumezoea kuikumbuka ile mana iliyowekwa mpaka asubuhi ikaingia mabuu na kunuka, tukafunga kitabu. Endelea kidogo. Siku ya sita waliambiwa waokote maradufu, waweke ya Sabato, na hiyo haikuoza. Mana ni ile ile, vyombo ni vile vile, na usiku ni mmoja. Tofauti ni kwamba hii ya pili ilikuwa na siku yake. Ile ya kwanza iliwekwa tu, kwa sababu mtu hakuamini kwamba kesho nayo itakuwa na chakula. Kwa hivyo mimi nikiona kitu kimehifadhiwa siulizi kimekaa miaka mingapi. Nauliza kinamngoja nani.

Na vitu vya kadi, kusema kweli, havingoji vizuri. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini sidhani walikuwa wanafikiria gundi. Gundi nyeupe ikipata hewa hukauka ndani ya chupa ikawa jiwe. Kalamu za felti hukauka hata kama hazijawahi kuandika. Karatasi ya bei rahisi hugeuka manjano yenyewe, na ya bei ghali hupendwa na wadudu kama tu ya bei rahisi. Utepe ulioachwa karibu na dirisha hupauka upande mmoja. Anayesema "wacha kwanza" anadhani amekiokoa kitu, kumbe kinaisha polepole bila kumfurahisha mtu yeyote.

Lakini gundi si kitu. Kinachonihangaisha ni hukumu iliyojificha ndani ya hayo maneno mawili. Unaitoa karatasi ya dhahabu, unamfikiria mtoto wa jirani aliye Kidato cha Nne, unairudisha. Hujasema neno baya juu yake. Lakini umeshamkalia kikao na kuamua kwamba hafikii kiwango cha hiyo karatasi. Ukifanya hivyo kwa watu ishirini, jiulize, anayefikia ni nani? Gavana?

Nasema hivi nikiwa nimekuwa matroni wa shule ya bweni kwa miaka. Kila mwaka, KCSE ikikaribia, kadi za heri, zile tunaziita "sakses kadi", huletwa kwa vifurushi na majina husomwa mbele ya wote. Kuna msichana huitwa mara tisa. Kuna mwingine hujua kabla hatujaanza kwamba hataitwa, kwa hivyo anainama kufunga kamba ya kiatu iliyofungwa tayari. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi sipendi hizo vitu, matroni." Halafu jioni unampata amesimama kando ya kitanda cha mwenzake, anasoma kadi isiyo yake.

Mtu ataniambia, si anunuliwe ya dukani basi, hata zile zinazoimba ziko. Anunuliwe! Sina vita na duka. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapishwa kwa biashara, huko London mwaka wa 1843, iliagizwa na Henry Cole kwa sababu barua za kujibu zilikuwa zimemzidi. Iliuzwa shilingi moja. (Picha yake ilionyesha familia ikinywa divai, mtoto akiwemo, na wapinga ulevi wakalalamika. Nao walikuwa na wenzetu!) Yaani kadi ya duka ilianza kama msaada kwa mtu aliyechoka, na bado inafaa watu waliochoka. Ya mkono inasema jambo lingine: kuna saa moja ya maisha yangu ambayo ilikuwa yako peke yako.

Ila hapa tuwe waangalifu, kwa maana kuna kosa la upande wa pili. Kuna anayesikia mafundisho kama haya, anaenda nyumbani, anakata kila kitu usiku mmoja na kugawa kadi kama vile anafagia nyumba. Huyo amemaliza vitu, hajatoa zawadi. Sina shida na masalio yenyewe. Katika Yohana 6 vilijazwa vikapu 12 vya mabaki ili kisipotee kitu. Shida ni kadi isiyo na mwenyewe. Ndiyo maana katika kikundi chetu jina linaandikwa kwanza, kwenye kipande cha daftari, ndipo sanduku linafunguliwa. Ukianza na karatasi utaona tu karatasi.

Dada mmoja aliniuliza, na ni swali la haki, "Si ataitupa tu ikifika Disemba?" Labda. Lakini fikiria Dorkasi katika Matendo 9. Alipofariki, wajane walisimama wakilia, wakionyesha nguo alizowashonea. Hakuna aliyeonyesha kitambaa kilichobaki. Na zile nguo nazo zilichakaa, hilo halina shaka; hakuna aliyesema kwa hivyo heri asingeshona.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na majina 19 ya watahiniwa, sita kati yao wakiwa wale ambao hakuna mtu wa kwao angewaandikia. Yule dada alikuja na karatasi yake ya dhahabu ikiwa bado kwenye nailoni. Aliigeuza, akaipima kwa macho, akauliza mkasi mkali uko wapi. Ilitoa kadi nne na ukanda mwembamba. Huo ukanda aliukunja akaanza kuurudisha kwenye mkoba, kisha akasimama na kuuliza, "Huyu wa sita anaitwa nani?"