Nasaha kwa Anayewapikia Wakwe kwa Mara ya Kwanza

Mwanangu, umeniuliza uwapikie nini wakwe zako watakapokuja Ijumaa usiku. Kabla ya chakula, wafikirie wao. Wanakuja kukuona wewe na nyumba yenu changa. Basi pika kitakachokuacha uketi nao, maana mwenye nyumba anayekimbilia jikoni kila dakika huwafanya wageni wajione mzigo. Kwa asiye mzoefu, kuchagua chakula ni sehemu ya adabu.

Ndiyo maana biriani iache kwanza. Kaimati pia ziache, kwani zinataka kukaangwa na kuingia kwenye shira karibu na wakati wa kuliwa, na hutaki kusimama mbele ya karai la mafuta wazee wakibisha hodi. Pika pilau ya nyama, kachumbari, na tambi za nazi kwa kumalizia. Kilo 1 ya mchele na kilo 1 ya nyama zitawatosha watu 7 au 8. Na uipike siku moja kabla, kwa watu wa nyumbani tu. Si vizuri kumfanyia mgeni majaribio.

Piga simu kwa mama mkwe mapema, uulize kwa upole nani hali nini. Mwenye sukari au presha hapendi kujieleza mbele ya watu. Ukishajua, utamwekea papai au nanasi bila ya neno, naye hatalazimika kukataa tambi zako hadharani. Nakusisitizia hili kuliko viungo vyote.

Sasa jikoni. Mchele uchague, uuoshe, uuroweke dakika 30. Nyama ichemshe hadi iive, na supu usiimwage. Vitunguu ndivyo vitakavyokupima. Vikate vyembamba, tena sawasawa, uvitie kwenye mafuta yaliyopata moto, kisha usiondoke na simu uiweke mbali. Vitalainika, vitakuwa rangi ya dhahabu, halafu ghafla vitaingia kahawia, na rangi ya pilau inatoka hapo. Ukiwahi kuendelea, pilau itapauka. Ukichelewa vitaungua, na uchungu wake hauondoki hata utie nini. Vikiungua vimwage uanze upya. Usiwalishe wazee uchungu kwa kuhurumia vitunguu vitatu.

Fuatisha thomu na tangawizi, nyama, halafu bizari nyembamba, pilipili manga, iliki na mdalasini. Karafuu zitie kwa kuhesabu, chache tu, kwani zikizidi hufunika kila kitu. Pima supu kikombe 1 na nusu kwa kila kikombe cha mchele, uionje kabla hujautia: chumvi isikike imezidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa. Supu ikikaribia kukauka, palia makaa juu ya kifuniko. Kama unatumia gesi, punguza moto kabisa na ufunike imara. Usifunuefunue.

Tambi zifanye alasiri. Zikaange kwa samli kidogo hadi zibadilike rangi, tia zabibu, tui, sukari na iliki, uziache kwenye moto mdogo mpaka zikauke. Kisha oga, ubadilishe nguo. Harufu ya thomu ibaki jikoni.

Wakifika, usiwaharakishe kula wala usiwaache na njaa. Wanawishe mikono kwa birika na bakuli, ukianza na mkubwa wao, na kitambaa kiwe safi na kikavu. Kwenye sinia kula upande wako, na vipande vizuri vya nyama visogeze kwa wageni. Usiwaulize kama chumvi imekolea. Wala usiseme, "Samahanini, sijui kupika," maana unawalazimisha kukusifu, na sifa ya kuombwa haina ladha kwa anayeitoa wala anayeipokea. Mkwe akisema pilau ya kwao hutiwa viazi, mwambie akufundishe siku nyingine, tena umwambie kwa moyo. Anayekufundisha kupika amekwisha kukukubali nyumbani kwake.

Aliyekula kidogo usimng'ang'anize. Mkaribishe mara mbili, ya tatu umwache.

Vyombo visubiri. Ukianza kuviosha wageni wangali wamekaa, mlio wa masufuria unawaaga kabla hawajaaga. Tenga mapema chakula cha kuwapa wabebe, kikiwa safi kwenye chombo chenye kifuniko, kisiwe makombo ya sinia. Wasindikize mpaka wanapopandia gari, si mlangoni tu. Na sinia uliloazima kwa jirani, lirudishe kesho yake, limeoshwa, lina pilau au tambi ndani. Chombo cha jirani hakirudi kitupu.