Mzazi Anayepasuliwa, na Radhi Inayongojwa

Katika maswali yaletwayo mbele ya darasa letu liko moja ambalo hurudi kila mara kwa sura mbalimbali, nasi tumeona afadhali tulijibu kwa kalamu. Swali lenyewe ni hili: mwanamke ameshikwa na uchungu, uchungu umekuwa mrefu, daktari amesema mtoto hatoki ila kwa kupasuliwa, na jamaa wakasema, "Ngojeni kwanza." Wakangoja mume arudi safari, au mjomba apatikane kwa simu, au mkubwa wa nyumba amalize kisomo chake, na katika kungoja huko likatokea la kutokea. Je, hao waliongoja wana lawama mbele ya Mwenyezi Mungu, ilhali hawakufanya kitu?

Twasema kwamba swali limekosewa katika maneno yake ya mwisho. Kungoja ni kufanya. Mtu aliyesimama juu ya kisima akamwona kipofu anakiendea, naye anaweza kupaza sauti asipaze, hawezi kesho kusema kuwa yeye hakufanya kitu. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na matokeo kama vile mkono wake ungalikuwa nayo. Lakini hatusemi kwamba kila kungoja ni kosa. Mkunga mwenye ujuzi akiketi na mzazi saa nyingi, anapima mapigo ya moyo wa mtoto na kuangalia njia inavyofunguka, huyo angoja kwa elimu, na kungoja kwake ni sehemu ya kazi. Kungoja tunakokusema hapa ni kule kwa mtu ambaye hajui, amekwisha kuambiwa na anayejua, kisha akaifanya hofu yake au cheo chake katika ukoo kuwa ni hoja.

Yafaa watu waelewe saa hizo zina nini ndani yake. Mtoto akikwama, tumbo la uzazi huendelea kusukuma. Kila msukumo hupunguza hewa imfikiayo mtoto. Tumbo lenyewe laweza kupasuka, hasa likiwa na kovu la zamani. Na kichwa kikibana mahali pamoja muda mrefu, nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu hufa, na baada ya siku kadhaa mwanamke huanza kutokwa na mkojo bila ya kuweza kuuzuia. Hiyo ndiyo fistula. Wako wanawake waliokaa miaka na maradhi hayo, wakatengwa kitanda na wakatengwa karamu, na asili yake ni saa chache za watu kushauriana ukumbini.

Watu wengi wakielezwa haya hujibu kwa neno moja: tawakkul. Nasi twauliza, tawakkul gani hiyo? Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaka mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Na katika jambo hili hili la uzazi tunao mfano ulio karibu zaidi. Bibi Maryamu aliposhikwa na uchungu yuko peke yake chini ya mtende, amechoka mpaka akatamani lau angalikufa kabla ya siku ile, aliambiwa alitikise shina la mtende ndipo tende zianguke. Mwanamke mwenye uchungu, na shina la mtende halitikisiki kwa mkono wa mzazi! Aliyeweza kumpa mtoto bila ya baba asingeshindwa kumwangushia tende bila ya kutikisa. Lakini mkono ulitakiwa uende.

Wengine huja na hoja ya pili, iliyo nzito zaidi kwa kuwa ndani yake mna kweli: kwamba mwanamke afaye kwa uzazi huhesabiwa katika mashahidi. Ni kweli, nayo ni faraja kubwa kwa waliofiwa. Lakini faraja ya msiba haigeuzwi kuwa ruhusa ya kuuleta. Aliyezama baharini naye amehesabiwa hivyo hivyo. Je, yuko nahodha atakayeliacha jahazi lizame huku akiwaambia abiria habari za daraja yao?

Wazee wetu waliokiogopa kisu hawakuwa wajinga, na tungewadhulumu kama tungewacheka. Kwa karne nyingi mwanamke hai aliyepasuliwa kwa kawaida alikufa, kwa damu au kwa jeraha kuoza. Huko Ulaya kwenyewe wengi waliacha kulishona tumbo la uzazi mpaka mwaka 1882, alipokuja daktari Mjerumani Max Sänger akaonyesha faida ya kulishona vyema. Na tusidhani ujuzi ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza Robert Felkin alimwona mpasuaji wa Kiafrika huko Kahura, katika nchi ya Bunyoro iliyo Uganda ya leo, akiosha mikono yake na tumbo la mzazi kwa pombe ya ndizi, akampasua, akalifunga jeraha kwa vipini vya chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Na siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga. (Mzazi naye alinyweshwa pombe hiyo hiyo apate kutulia, hatuitaji kwa kuisifu, twataja lililokuwa.)

Tazama pia walivyohitalifiana wanavyuoni juu ya mama aliyekwisha kufa na mtoto tumboni yu hai. Wenye madhehebu yetu ya Shafi, na Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277 ni miongoni mwao, walisema apasuliwe, kwa kuwa uhai wa mtoto umetangulia mbele ya heshima ya maiti. Ibn Qudama wa madhehebu ya Hambali, aliyefariki mwaka 1223, alikataa, na hoja yake ni kwamba mtoto wa namna hiyo kwa desturi haishi, basi haifai kuvunja heshima iliyo ya yakini kwa ajili ya jambo la shaka. Msomaji alipime neno hili. Tofauti yao ilisimama juu ya habari: mtoto huishi au haishi? Habari ikibadilika, hoja iliyojengwa juu yake haiwezi kubaki pale pale. Leo mzazi huchomwa sindano ya mgongo, husikia akishikwa bila ya kuumwa, na mara nyingi humsikia mtoto akilia kabla hajashonwa. Anayemzuilia mkewe kisu kwa hofu ya zamani ameshika hukumu ambayo sababu yake imekwisha ondoka.

Basi radhi ni ya nani? Jibu letu ni kwamba ni ya mwenye mwili. Mwanamke mwenye akili zake, aliyebaleghe, ndiye wa kuelezwa na ndiye wa kukubali. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imemtambua mgonjwa mwenyewe kuwa ndiye mwenye kuridhia matibabu yake, na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika azimio lake la mwaka 1992, liliifanya idhini kuwa ya mgonjwa akiwa na uwezo kamili. Mwaka 2009, katika kikao cha Sharjah, Baraza hilo lilisema kwamba hali ikiwa ya haraka daktari aweza kuokoa maisha bila ya kungoja idhini, na miongoni mwa mifano yake likataja uzazi wa kupasuliwa. Mume hakupewa usimamizi wa nyumba ili awe na kufuli ya chumba cha upasuaji. Amepewa mzigo wa kugharimia, na kushauri, na kuwa karibu. Mke akitaka shauri lake, na ampe. Lakini shauri ni kitu kingine na ruhusa ni kitu kingine.

Hapa patasemwa kwamba mahospitali nayo hupasua watu ovyo kwa kutaka fedha. Hatulikanushi. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani liliona kwamba hapana sababu ya nchi yoyote kupita 10 hadi 15 katika kila uzazi 100. Na hapa Kenya uchunguzi wa taifa ulionyesha 9 katika 100 mwaka 2014, ukapanda hadi 17 mwaka 2022. Bila shaka katika hizo ziko zilizofanywa kwa pupa, na huku mzazi wa kijiji cha mbali anakufa kwa kuikosa hiyo moja aliyoihitaji. Lakini dawa ya daktari mwenye tamaa ni kumwuliza: kwa nini, na ni hatari gani tukingoja saa mbili, na ni ipi tusipongoja? Mwaminifu hujibu. Wala saa ya kuanza kuuliza si ile ambayo mwanamke anapiga kelele.

Ndipo twafikia lililo kubwa kuliko yote, nalo ni maandalio. Nyumba zetu hujitayarisha kwa uzazi kwa leso, udi, uji wa pilipili manga, na jina la mtoto likashindaniwa miezi mitatu, lakini neno moja la "ikiwa atapasuliwa je?" halisemwi, kwa kuwa waona kulisema ni kuliita. Mambo haya huzungumzwa mwezi wa saba, mume na mke na mama mtu wakiwa wameketi kwa utulivu. Nani atakayekwenda naye? Nani watakaotoa damu ikihitajika, na je, wamepimwa kundi lao? Kadi ya bima imetimia? Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imeshika mahali pa NHIF, na wako waliojua hayo mlangoni mwa hospitali. Mtu wa Kizingitini au Siyu ana hesabu nyingine juu ya hizo, nayo ni ya maji: chombo kitapatikana usiku, na maji yakipwa mtapita wapi? Mwenye mimba ya hatari akihamia mjini kwa jamaa zake wiki mbili kabla, amemfunga ngamia.

Na yule aliyekwisha kupangiwa siku, afuate saa alizoambiwa za kutokula. Asijinyoe kwa wembe nyumbani, kwani vijikato vya wembe hukaribisha wadudu. Wakihitaji kuondoa nywele wataondoa wenyewe. Hina na piko asizitie kwenye kucha, maana wauguzi huangalia rangi ya kucha na huweka kidoleni chombo cha kupimia hewa iliyo katika damu.

Baada ya kupasuliwa huja mtihani mwingine, nao waanzishwa na ndimi. "Fulani hakuzaa, alitolewa." Tumeyasikia maneno haya kwa wanawake wenzake, tena mbele ya kitanda chake, naye amekatwa tabaka baada ya tabaka mpaka ndani ya tumbo la uzazi, na usiku ule ule ananyonyesha. Ikiwa cheo cha mama ni kwa sababu ya taabu, taabu gani aliyopunguziwa huyu? Na ikiwa ni kwa njia aliyopita mtoto, ni nani aliyetuambia hivyo?

Desturi zetu za arobaini zina hekima kubwa, kwa kuwa zampa mzazi siku za kupumzika ambazo wanawake wa miji mingine wanazililia. Lakini ziliwekwa kwa mzazi asiye na jeraha, na yafaa zipimwe upya. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto juu ya mshono mbichi ni madhara, na mkaja wa kukazwa kwa nguvu vile vile. Daktari akiruhusu kitambaa cha kushikilia tumbo, kiwe chepesi. Uji na mchuzi havina neno. Kulala siku nzima bila ya kuinuka, ambako twakuona ni heshima, kwaweza kugandisha damu miguuni. Wauguzi humwinua siku ya kwanza atembee kidogo, na asidhaniwe kuwa wanamwonea. Kwa muda wa wiki sita hivi asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake: hiyo ndoo ya maji ni ya mume, na mume asiye na mkono wa kuteka maji amtafute wa kuteka. Kidonda kikiwa chekundu, kikavuja usaha, au homa ikapanda, au damu ikazidi, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wanawake huuliza juu ya kuoga nifasi ikikatika na kidonda hakijapona. Zamani za Mtume mtu mmoja safarini alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akawa na janaba, akawauliza wenzake kama aweza kutayamamu. Wakamwambia hawezi, maadamu maji yapo, akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume aliwalaumu kwa ukali, na kifo chake akakinasibisha nao. Hawakumgusa mtu yule. Walimpa neno tu, bila ya elimu. Basi mwenye mshono ambao maji yaudhuru aoshe panapooshwa, na pasipoguswa na maji sharia imemwekea kupangusa bendeji na kutayamamu. Amwulize mwalimu amfahamishe namna yake, wala asiache sala wala asijiue.

Mimba nyingine isije upesi. Madaktari hutaka miezi 18 mpaka 24 ipite, na mume naye ana wajibu katika kuingoja. Kupasuliwa mara moja hakumlazimishi mwanamke kupasuliwa tena. Wengi huzaa kwa njia ya kawaida baadaye, ila iwe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa ajili ya kovu. Na daktari wa siku hiyo atataka kujua tumbo lilikatwa vipi na kwa sababu gani. Kwa hiyo karatasi ile atokayo nayo mzazi hospitalini, ambayo kwa kawaida hufungiwa bizari, iwekwe sandukuni pamoja na hati za nyumba.