Dawa ya Vita na Lawama ya Wafu

Masimulizi marefu ya vita na uchawi yana tabia moja inayojulikana na kila aliyekaa kuyasikiliza. Sehemu ya kwanza ni ya ahadi: mtu hutokea na dawa, au na pete, au na neno, na wanyonge hupata nguvu wasizokuwa nazo jana. Sehemu hiyo hupendwa na watoto na watu wazima sawasawa. Sehemu za baadaye hazipendwi vile, kwa maana ndani yake ahadi hudaiwa. Aliyeambiwa kuwa hatachomwa na mkuki amekwisha kuchomwa, na msimulizi hana budi kueleza kwa nini. Hapo ndipo adili ya hadithi nzima inapopimwa. Afrika Mashariki inayo hadithi ya namna hiyo isiyobuniwa na mtunzi yeyote. Imeendelea kwa zaidi ya miaka 80, na sehemu yake moja, iliyo ndogo na isiyosomwa sana, ni ya nchi ya Wanyaturu.

Mkiwa ni mahali padogo katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, ambapo njia ya kwenda Itigi huiacha barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Upande wa Itigi vichaka vimesongamana hata mtu hupenya kwa taabu, na katika miti ya nchi hiyo mizinga ya nyuki imetundikwa tangu zamani. Kiswahili kimetumia neno hilo moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha ya kubomolea ngome. Na kama kuna nchi ambayo ingestahili kuwa asili ya fumbo hilo, basi ni Singida. Wanyaturu husimulia habari za Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu wake kupigana na Wajerumani, na silaha yake iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa nyuki. Masimulizi huviweka vita vyake kati ya 1903 na 1908. Kwa hesabu hiyo mwisho wake ulikuja baada ya Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905 na kuzimika 1907. Liti, basi, ni sehemu ya baadaye.

Watu huyataja maji ya kusini na nyuki wa Unyaturu kwa pumzi moja, kana kwamba vyote viwili ni uchawi wa vita, na hukumu ya kimoja ni hukumu ya kingine. Anayependa sifa husifu vyote. Anayejiona mwerevu hucheka vyote. Yafaa hukumu hizo mbili zitazamwe upya, kwa kuwa zote mbili zinapita mbali na jambo lenyewe.

Habari ya maji ni mashuhuri. Mwaka 1904, huko Ngarambe karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alisemekana kupandwa na pepo Hongo, akaanza kugawa dawa iliyotengenezwa kwa maji, mafuta ya mbarika na nafaka. Watu walimwendea kwa makundi. Waliokunywa na kunyunyiziwa waliambiwa kuwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vikawaka. Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliiendea ngome ya Mahenge kwa miguu, mchana kweupe, katika uwanja uliofyekwa, mbele ya bombomu zinazomwaga risasi. Haifai kupamba yaliyotukia. Walianguka kwa mamia. Vita vilipokwisha, Wajerumani walihesabu wafu 26,000. Wanahistoria wa baadaye, wakiitia katika hesabu njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala, wamefika 250,000 na zaidi.

Dawa hiyo ilikuwa na miiko. Askari wa maji hakuruhusiwa kulala na mwanamke wakati wa vita, wala kupora mali. Kwa upande mmoja miiko hiyo ilikuwa sheria njema ya jeshi, nayo yapasa isifiwe. Jeshi lisilopora halichukiwi na wanavijiji, na mtu anayejizuia na starehe yake kwa ajili ya wenzake amekwisha kuwa askari kabla ya kushika mkuki. Yapo majeshi ya wasomi yaliyopita katika nchi hizi bila sheria bora kuliko hiyo. Lakini mwiko ulikuwa na kazi ya pili, ambayo haikutamkwa siku ya kugawa dawa. Risasi ilipompata mtu na kumwua, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Dawa haikushindwa, marehemu ndiye aliyeshindwa. Na kwa kuwa marehemu hajitetei, kesi ilikwisha pale pale.

Hapo ndipo pana kosa, wala si katika uwongo wa dawa peke yake. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kuwa aliyeahidi alijua kuwa anadanganya. Yamkini aliamini kuliko wote. Mtu hukosea kwa imani, na kosa la imani lina udhuru wake. Lakini ahadi iliyofungwa kwa namna ambayo kila ikivunjika, anayelaumiwa ni yule iliyemwua, hiyo ni ahadi ya namna nyingine. Aliyeitoa hana hasara nayo. Faida ikipatikana ni yake, na hasara ikitokea ni ya maiti. Mfanyabiashara afanyaye hivyo sokoni angekokotwa mbele ya kadhi.

Tena lawama hiyo haikuishia kaburini. Neno mkiwa, katika Kiswahili, ni mtu aliyeachwa peke yake, aliyefiwa na wa kumtegemea. (Si lazima kijiji cha Mkiwa kiwe kimepata jina lake humo, majina ya mahali yana asili zake, na mara nyingi katika lugha nyingine.) Mkiwa wa vita vyovyote hubaki na kitu kimoja, nacho ni heshima ya aliyekufa. Mjane wa aliyeuawa kwa risasi huweza kusema kuwa mumewe alikufa akiitetea nchi. Mjane wa aliyevunja mwiko hana hata hilo. Huambiwa kuwa mumewe alikuwa mwizi wa mali au mzinzi, na kuwa kwa tamaa yake alijiua mwenyewe na pengine akawaponza wenzake. Tena huweza kuanza kujiuliza ni mwanamke gani. Dawa imemwua mume, kisha imemnyang'anya mke kumbukumbu yake.

Wako wanaojibu kuwa bila maji pasingekuwa na vita, na bila vita hivyo historia ya Tanzania ingekosa ukurasa wake wa kwanza wa umoja. Jibu hili lina uzito, wala halifai kupuuzwa. Watu wa makabila mengi, ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, walisimama pamoja kwa sababu ya kikombe kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda kwa wazee wa kusini mwaka 1968 walirudi na ushahidi mwingi wa jambo hilo. Mwalimu Nyerere naye, aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa 1956, alivitaja vita hivyo kuwa ni wito wa asili wa watu wasiokubali kutawaliwa. Hayo ni kweli, lakini yanathibitisha kuwa watu walihitaji kitu cha kuwaunganisha. Hayathibitishi kuwa walihitaji kuambiwa kuwa hawafi. Wamatumbi waling'oa pamba kwa sababu walichoshwa na pamba. Hasira yao ilikuwa ya haki kabla ya maji kufika, na ingekuwa ya haki hata kama maji yasingefika kamwe. Kumpa ahadi ya kutokufa mtu mwenye sababu ya haki ni kumdharau kidogo, kana kwamba sababu yake peke yake haitoshi kumfanya asimame.

Jemadari yeyote huwaambia askari wake kuwa watashinda, na mara nyingine hajui. Huo nao ni uwongo? Pengine. Lakini wakishindwa, jemadari haendi kwa mjane na kumwambia kuwa mumewe alikufa kwa sababu ya uchafu wake. Kushindwa ni kwa jemadari, naye hubeba.

Sasa nyuki. Nyuki akimchoma mtu huacha mwiba, na pamoja na mwiba hutoka harufu inayowaita wenzake, hata mmoja huleta mia. Kila mrina asali wa Singida anajua jambo hilo kwa ngozi yake, ndiyo maana hupanda mtini usiku na moshi mkononi. Anajua saa ambayo nyuki ni wapole na saa ambayo ni wakali, na anajua kuwa mzinga ukitikiswa mchana haufai kusubiriwa. Kama Liti aliwaachia nyuki wavamizi, jinsi masimulizi yanavyosema, alitumia elimu ambayo watu wake walikuwa nayo. Labda alitamka na maneno; labda kulikuwa na matambiko yasiyojulikana na wageni. Wajerumani wangeweza kuita uchawi. Lakini mwiba ulichoma, na ulichoma bila kuuliza kama askari wa Liti ametimiza mwiko. Siku ambayo upepo ulikuwa mbaya, au nyuki walikwenda upande usiotakiwa, hapakuwa na haja ya kumtafuta mwenye dhambi kati ya wafu. Ilitosha kusema kuwa nyuki ni nyuki.

Imani ya dawa ya vita, wala hili lisisahauliwe, haikuwa ya wavaa kaniki peke yao. Novemba 1914, huko Tanga, majeshi ya Kihindi yaliyoletwa na Waingereza yalivamiwa na nyuki katikati ya mapigano, na mpaka leo wengi huviita vita hivyo Vita vya Nyuki. Wapo Waingereza walioshikilia kuwa Wajerumani waliwatega nyuki wale kwa hila. Kumbe nyuki waliwachoma hata Wajerumani waliokuwa kwenye bombomu zao. Aliyeshindwa vibaya hupenda kusikia kuwa alishindwa na uchawi, kwa sababu uchawi humpunguzia aibu. Katika Tanga uchawi uliwapa udhuru makamanda; katika Mahenge uliwapa udhuru wagawa dawa. Askari wa mstari wa mbele hakupewa udhuru popote.

Hadithi haikukoma 1908. Katika Kongo ya mashariki, mwaka 1964, vijana walioitwa Simba walinyunyiziwa maji na kukimbilia vitani wakitaja jina la Mulele. Walikuwa na miiko yao, nayo ilifanana na ile ya Rufiji kwa ajabu: wasiguse mwanamke, wasiangalie nyuma. Waliuteka mji wa Stanleyville, unaoitwa sasa Kisangani, mwezi Agosti, na Novemba ukachukuliwa tena. Makundi ya Mai-Mai ya miaka ya baadaye yalirithi hata jina. Uganda nayo, mwaka 1986, Alice Auma aliyesema amepandwa na roho Lakwena alikusanya jeshi kaskazini. Wapiganaji walipakwa mafuta, wakaambiwa kuwa risasi hazitawapenya na kuwa mawe watakayorusha yatapasuka kama mabomu. Walipewa amri 20. Moja iliwakataza kujificha nyuma ya mti au kichuguu.

Amri hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Katika Maji Maji mwiko ulihusu tanuri la tamaa, na tamaa ni mbaya kwa askari. Hapa mwiko umefikia akili yenyewe. Mtoto akirushiwa jiwe huinama. Hilo hakufundishwa na mtu. Askari wa Lakwena aliyeinama amevunja amri, na aliyesimama amekufa. Kisha nyuki walitajwa kati ya wasaidizi wa jeshi hilo, pamoja na nyoka. Nyuki wa Liti walikuwa elimu. Nyuki wa Lakwena walikuwa ahadi. Kiumbe ni kile kile, na mwiba ni ule ule, lakini wamekwisha kugeuzwa kuwa maji. Jeshi lile lilifika karibu na Jinja mwishoni mwa 1987, likavunjika huko. Lakwena alikimbilia Kenya, akafa katika kambi ya wakimbizi 2007.

Hukumu ya Kinjikitile mwenyewe ni ngumu kuliko ya warithi wake. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Mahenge hakuiona. Inasimuliwa kuwa mbele ya kitanzi alisema kuwa dawa imekwisha kuenea mbali, na kifo chake hakitaizuia. Hakupata nafasi ya kumwendea mjane hata mmoja na kumwambia habari ya mwiko. Kazi hiyo iliwaangukia wagawa dawa waliobaki hai. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya 1969, alilishika jambo hili penye uchungu wake: mtu aliyezaa neno, neno likakua likamzidi, na adui anamtaka alikane ili wana wa baadaye waseme kuwa wazee wao walipigania uwongo. Anakataa. Mtu aweza kumwelewa na bado akauliza kwa niaba ya walioko uwanjani kama hapakuwa na neno la tatu, lisilokuwa kukana wala kunyamaza: kwamba sababu ya vita ni ya kweli na dawa si ya kweli.

Wapo waliolitamka neno hilo bila kungoja mtunzi. Inasimuliwa kuwa Wangoni walipopigwa baadhi yao waliitupa dawa njiani wakipiga kelele kuwa maji ni uwongo. Hawakusema kuwa waliokufa walikuwa wachafu. Nao hawakuacha kupigana siku ile. Walirudi katika vita vya msituni, vya kuvizia na kujificha, wakaendelea hata mwaka uliofuata. Songea huwakumbuka kila Februari waliouawa tarehe 27 ya mwezi huo, mwaka 1906. Singida imeupa uwanja wake wa mpira jina la Liti. Wale wa Mahenge, ambao baada ya risasi walisingiziwa na mwiko pia, hawajapata mtu wa kwenda kwa wajukuu wao kuifuta ile kauli.