Mgagaa wa Sori

"Mgagaa na upwa hali wali mkavu" si methali ya huku kwetu. Ilizaliwa pwani, kwenye bahari inayopwa na kujaa mara mbili kwa siku, na upwa ni ile sehemu ya ufuo inayobaki wazi maji yakishatoka, yenye vidimbwi na kaa waliosahaulika. Ziwa letu halina maji kupwa wala maji kujaa. Hapa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, maji ya asubuhi ndiyo ya jioni, labda upepo uyasukume kidogo. Wali nao ni wa sikukuu. Cha kila siku ni ugali. Hata hivyo, methali hiyo naiona kila nikishuka ziwani.

Njoo alfajiri katika siku za giza. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta, na mwezi ukiwaka taa haina kazi. Mashua zinaingia, akina mama wanapokea kwa makarai, wanapima, wanaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Katikati ya shughuli hiyo utamwona mtu asiye na mashua wala wavu. Anasaidia kuvuta kamba, anasogeza karai, anauliza habari za usiku. Hana haraka. Jua likipanda anaondoka na kifuko cha samaki ambao hakuwanunua. Huyo ndiye mgagaa.

Kugagaa ni kujigeuzageuza, kama mgonjwa aliyekosa usingizi au punda kwenye vumbi. Ni neno lenye harufu ya uvivu, na methali imelichukua hivyo hivyo ikalipa heshima. Haikusema mvuvi hali wali mkavu. Hilo halina haja ya kusemwa. Imemsemea asiye na chombo. Tena ahadi yake ni ndogo: haimwahidi nguru mzima wala utajiri, inamwambia tu kwamba mlo wake utakuwa na kitoweo. Napenda methali inayojua kupima maneno.

Anayetamani kuandika hadithi katika mji kama huu ni mgagaa wa aina hiyo. Mimi nilianza kuzisoma kwenye magazeti ya kufungia mandazi. Mafuta yakishalowa, herufi za upande wa pili hujitokeza kinyumenyume katikati ya zile unazosoma, tanzia ikachanganyika na matokeo ya mpira. Siku moja nilipata kipande cha hadithi: mwanamke ameshuka kwenye basi na sanduku, amebisha hodi, mlango unafunguliwa, karatasi imeisha. Kwa siku tatu nilimfungulia mlango huo kichwani mwangu, kila siku mtu mwingine. Andazi lenyewe sikumbuki lilikuwa na ladha gani.

Baadaye nikaazima Rosa Mistika. Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilihili upande wa Tanzania, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kikerewe. Riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971 ilizua kelele, ikazuiwa mashuleni kwa muda. Kilichonigusa mimi ni kwamba Kiswahili cha riwaya kiliwahi kutoka ziwani, kwa mtu aliyejifunza lugha hiyo kama mimi nilivyojifunza. Grace Ogot, ambaye kazi yake ilikuwa uuguzi, alichapisha The Promised Land mwaka 1966, kuhusu Waluo wanaohamia Tanganyika. Safari hiyo watu wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa, mpaka uko hapo tu na ndugu wako ng'ambo. Mwaka 1983 akatoa Miaha kwa Kidholuo. Ile hadithi yake ya msichana anayetolewa sadaka ziwani ili mvua inyeshe ilitokana na masimulizi ya wazee. Hapo alikuwa amegagaa kwa masikio.

Sasa kuna methali nyingine inayoonekana kuipinga hii: mtembezi hula miguu yake. Wote wawili wanazurura. Mbona mmoja anakula samaki na mwenzake anakula miguu? Kwangu mimi jibu limo kwenye kile kineno "na". Mgagaa yuko na upwa. Hazururi popote, anarudi ufuo uleule, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka wenye mashua wanamjua jina na mchanga unamjua nyayo. Kusoma nako ni hivyo. Aliyepitia vitabu hamsini mara moja moja huenda ni mtembezi tu. Kitabu hukupa samaki siku unayokirudia.

Na wengi wanaoifafanua methali hii huishia kwenye bidii, tembea utapata, wakausahau wali. Methali inachukulia kwamba wali umeshapikwa nyumbani. Ukirudi na samaki kwenye nyumba isiyo na sufuria motoni, utalala njaa umeshika samaki mkononi. Niliishi hivyo miaka miwili. Nilisoma kila nilichoazima, nikawa hodari wa kueleza ni wapi riwaya ya fulani ilipoharibika, na daftari langu lilikuwa na kurasa nne, tatu kati yake zikiwa majina ya wahusika. Ninaye rafiki aliye kinyume changu: anaandika kila usiku wala hasomi chochote, asije akaiga. Wahusika wake wote, hata mtoto wa chekechea, wanazungumza kama yeye. Zamani nilimcheka. Siku hizi simcheki. Wali mkavu ni chakula, samaki mbichi bado.

Kwa hiyo sasa nashuka ufuoni na daftari. Juzi mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena alilitazama akasema, "Hayo ni madeni ya nani, kijana wangu?" Ufuoni daftari lina kazi moja.

"Si madeni, mama. Naandika hadithi."

"Ya nani?"

"Bado sijajua."

Akanyamaza, akaendelea kugeuza. Kisha akasema, "Basi andika kwamba mvua ya jana imeniharibia makarai matatu, na sasa yanaenda kuwa chakula cha kuku."

Nikaandika. Akaja, mikono ikimeta magamba, akainama kuhakikisha kama nimeandika matatu.