Silaha ya Kulinda Nyumba

Baba mmoja wa familia amevunjiwa nyumba usiku. Wezi wamechukua mbuzi, masufuria na fedha za shule, na mtoto wake mdogo bado anashtuka kila mbwa anapobweka. Sasa baba huyo ataka kununua bunduki, naye ajiuliza: ni bunduki gani itakayofaa? Swali hilo latanguliwa na lingine: je, Mkristu aruhusiwa kujilinda kwa silaha?

Amri ya tano yakataza kuua. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili: kuokoka kwa anayejilinda, na kifo cha anayeshambulia. Mwenye kujilinda akusudia lile la kwanza tu. Naye akitumia nguvu kupita kiasi kinachohitajika, tendo lake ni ovu. Katekisimu ya Kanisa Katolika, iliyotolewa mwaka 1992, yashika fundisho hilo, na kuongeza kwamba mwenye dhamana ya uhai wa wengine aweza kuwa na wajibu mzito wa kuwalinda. Basi baba anayewaacha watoto wake wadhulumiwe hasifiwi kwa upole.

Hata hivyo mali si sawa na uhai. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa XI alilaani fundisho la wale waliosema kwamba kwa kawaida yaruhusiwa kumwua mwizi ili kuokoa sarafu moja ya dhahabu. Mbuzi hununuliwa tena, mtu hanunuliwi. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 22, chatenga usiku na mchana: mwenye nyumba akimwua mwizi avunjaye nyumba gizani, hana hatia ya damu, jua likiwa limechomoza, anayo. Kwa maana gizani hajui kama mtu huyo amefuata mali au roho za watu. Mchana aona, na aweza kuita majirani.

Sasa bunduki zipimwe kwa kipimo hicho. Bunduki ya vita haifai: risasi yake hupenya ukuta wa udongo na kumfikia jirani aliyelala. Gobore la kienyeji laweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Bastola hufichwa chini ya mto, na mtoto huiona. Bunduki ya kuwinda yenye marisau haifiki mbali, lakini ndani ya chumba huua vilevile. Tena sheria ya Kongo ya mwaka 1985 yadai ruhusa ya serikali kwa mwenye silaha. Aliye na ruhusa hiyo aifungie bunduki kwa kufuli, na risasi aziweke mbali nayo.

Hapo shida yaonekana. Bunduki iliyo tayari kwa mwizi i tayari pia kwa mtoto; na ile iliyofungwa vema yachelewa mwizi anapoingia. Tena giza lile lile linalompunguzia mwenye nyumba hatia lamficha uso wa anayesukuma mlango: huenda ni mwana wake aliyechelewa kurudi.

Kwa hiyo mwenye busara aanza na vitu vingine: mlango wa mbao ngumu wenye komeo, mbwa, taa, filimbi, na majirani waliopatana kuitikiana usiku. Wakimkamata mwizi, wamfunge na kumpeleka kwa wakubwa. Aliyefungwa kamba hashambulii tena; kumpiga mpaka afe, au kumchoma moto, si kujilinda bali ni kuua, hata kijiji kizima kikishangilia.

Petro naye alikuwa na upanga usiku ule bustanini. Alimkata mtumishi sikio, na Bwana Yezu akaliponya. Baba wa familia awalinde watu wake kwa bidii yote, lakini ajilinde pia yeye mwenyewe, ili kukipambazuka aweze kusali Baba Yetu bila damu ya mtu mikononi mwake.