Taa ya meli kwa bei ya chuma chakavu

Ndugu Waislamu, vifaa vya meli kuukuu, kama taa, kengele na usukani, vina wakusanyaji wake Ulaya, nao hulipa fedha nyingi. Liuli, katika ufukwe wa Ziwa Nyasa, ina historia wanayoipenda. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu.

Tuchukulie mfanyabiashara anatoka Mbinga mjini na kumkuta mzee wa Liuli ana taa ya meli aliyorithi. Anajua thamani yake, lakini anasema, "Hiki ni chuma chakavu," anaipima kwa kilo na kulipa. Mzee ameridhika. Je, biashara hii ni halali?

Wapo watakaosema ridhaa imepatikana, na kujua bei ni mtaji. Hoja hiyo ina uzito, kwani Uislamu haukuweka kikomo cha faida. Lakini Mtume (SAW) alikataza kuupokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla haijafika sokoni, na akampa muuzaji hiari ya kuvunja mauzo akishafika huko. Kwa nini, ilhali naye aliridhia? Naona ni kwa sababu ridhaa ya asiyejua bei ina kasoro.

Mzee wa Liuli ni mwenye msafara ambaye soko lenyewe hatalifikia, na hapa ameongezewa uongo. Mnunuzi na amweleze kitu hicho ni nini, kisha wapatane. Faida itapungua, lakini italika kwa amani.

Wallahu a'alam.