Vidonge Vilivyotupwa Chooni

Mama mmoja wa Namuwongo, mtaa ulio kando ya mfereji wa Nakivubo jijini Kampala, aliuguliwa na mtoto. Akakimbilia duka la dawa. "Nnyabo, mpe Septrin hizi asubuhi na jioni, usikatishe," akaambiwa. Siku ya tatu mtoto akacheza. Jirani akasema, "Ameshapona, wamnywesha dawa za nini tena?" Mama akavitupa chooni vidonge vilivyobaki.

Mvua ikanyesha, choo kikafurika, uchafu ukaingia mferejini. Mfereji ule hupita kwenye kinamasi cha Nakivubo na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Mitambo ya Gaba huvuta maji ya jiji kutoka ghuba hiyohiyo.

Wengi huamini kwamba ziwa ni kubwa, litameza kila kitu. Si kweli. Kati ya antibiotiki, amoksilini huvunjwavunjwa na maji yenyewe mapema. Siprofloksasini huvunjwa na mwanga wa jua, lakini jua halipenyi vizuri maji machafu, na dawa hiyo hunata kwenye tope ikakaa. Sulfamethoksazoli, iliyomo ndani ya Septrin, ni sugu zaidi: huyeyuka majini na kusafiri nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliikuta katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, Ghuba ya Murchison ikiwemo. Sehemu nyingine ya dawa hutoka mwilini kwa mkojo, hata kwa aliyemeza dozi yake sawasawa.

Kiasi kidogo cha dawa kinachobaki majini hakitibu mtu, wala hakimalizi bakteria. Walio dhaifu hudumaa, walio sugu hustawi, wakapeana vinasaba vya usugu.

Mwaka uliofuata mtoto yule akaugua maambukizi ya njia ya mkojo. Akapewa Septrin, homa haikushuka. Vipimo vikaonyesha bakteria wasioisikia dawa hiyo, ikabidi alazwe na kudungwa sindano za bei kubwa. Usugu huo haukutokana na vidonge vya mama mmoja. Ulitokana na dozi nyingi zilizotumiwa ovyo na kutupwa ovyo.

Mzazi mwenzangu, usinunue antibiotiki bila kupimwa. Ukipewa, fuata maelekezo hadi mwisho. Zikibaki, mrudishie mfamasia, usizitupe chooni. Nanyi viongozi wa jiji, tujengeeni vyoo visivyofurika na mabomba ya majitaka yanayofika Namuwongo. Maji tunayoyachafua ndiyo tunayoyanywa.